Picha ya Kanyere

Juu ya kamyo ya kwenda Kalembe, mama mmoja aliyepandia Kingi alilitazama tumbo la Kanyere, aliyeketi kando yake. “Mimba iko na miezi ngapi, dada?”

Kanyere akainua picha ya skana kwenye jua. “Hamuna mutoto humu. Iko uvimbe, haiko kansere. Dokta hajaona nyingi kama hii. Bwana yangu alikimbia vita mwaka muzima, akarudi, akaona tumbo, akaniita malaya.”

“Na atajua kuisoma?”

“Nitaipachika ku mulango ya kanisa. Wote watajifunza.”

Niliketi mbele yao. Mimi pia nilikuwa nimeshamhesabia miezi.

Kamyo ikasimama kwenye kizuizi cha barabara. Askari akatuamuru tushuke tuvuke kwa miguu. “Mwenye mimba abaki juu.”

Kanyere akashuka wa kwanza.