Chuo Kilicho Pwani

Nilikaa nyuma ya binti na mzee kwenye basi dogo la Lindi. Binti, wa kijiji cha Pande huko pwani, alishika simu: vyuo viwili vya Marekani vimemkubali kusomea kompyuta, na jibu linatakiwa leo. Jirani yake kitini, mzee wa Kimakonde, alimkingia jua kwa kofia yake ili akione kioo vizuri.

"Kipi kinafundisha vizuri zaidi, mjukuu wangu?"

"Cha bara, babu. Lakini mama anataka kile cha pwani ya huko Marekani. Yeye huchokoa pweza miambani. Anasema maji yakipwa kwetu, atajua yamejaa kwangu."

Mzee akacheka. "Unakwenda kusoma au kuvua? Mama zetu wa mlimani hawana bahari, na wanatukumbuka vilevile!"

"Wanawakumbuka, babu. Ila hawana pa kwenda kuwatazama."

Mimi niliyekaa nyuma nilisikia. Mwanangu yuko Maskati mwaka wa sita huu. Sikuwahi kufikiri kuyauliza maji habari zake.

Basi likasimama stendi. Kidole cha binti kilikuwa bado juu ya kioo, hajabonyeza. Abiria wakashuka. Mzee naye alikuwa amefika, lakini kofia hakuiondoa juu ya simu.