Meza Iliyopita Ukutani: Historia ya Mzee Kajetani Luambano

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu, shikamooni, na ndugu zetu Waislamu mliokaa nasi tangu juzi, asalaam aleikum. Mimi ni Agape, mtoto wa kwanza wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi huko Mbesa, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Mzee Kajetani Makarius Luambano, aliyelala hapa mbele yetu. Nimeandika kwa mkono jana mchana, kuna mahali nimefuta na kuna mahali wino umelowa, kwa hiyo nikisita mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1934 katika kijiji cha Maposeni, jirani na Peramiho, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Makarius Luambano na Bibi Skolastika, wote wawili wametangulia, na alibatizwa siku tisa baada ya kuzaliwa. Shangazi zake walikuwa wakitusimulia kwamba alichelewa kusema, akawa mtoto wa kutazama, akitumwa chumvi anapitia kwenye msumeno wa misheni, anakaa hapo asubuhi nzima akiangalia gogo linavyosogea polepole juu ya kitoroli chake kuelekea kwenye meno ya msumeno, linafika, linapita, linarudi, na yeye anarudi nyumbani bila chumvi, na akiulizwa alikuwa wapi anasema alikuwa anakuja.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hukohuko Peramiho kuanzia mwaka 1943 hadi 1950, na mwezi Januari 1951 akapokelewa katika karakana za misheni kujifunza ufundi wa vyuma kwa miaka minne, chini ya mwalimu wake Bruda Erasmus, ambaye jina lake lilitajwa nyumbani kwetu mara nyingi kuliko majina ya babu zetu. Huko ndiko alikokutana kwa mara ya kwanza na mashine ya kuchonga chuma, ambayo kwa wale wasioijua nitaieleza kama alivyonieleza mimi nikiwa mdogo, kwamba kisu chake kinazunguka mahali pamoja tu, hakiendi popote, na anayesafiri ni meza, yaani chuma unakifunga juu ya meza, unazungusha gurudumu la mkono, na meza inabeba chuma hicho kwenda kwenye kisu, taratibu sana, mpaka mwisho wa mwendo wake.

Alifundishwa pia kwamba mashine iliyozeeka ina pengo katika skrubu yake, ukigeuza gurudumu kurudi ulikotoka, mkono unazunguka lakini meza inakuwa bado haijasikia, kwa hiyo fundi mwenye akili hurudi nyuma kupita pale anapopataka, kisha anakuja tena mbele kwa upole hadi kwenye alama yake. Baba alikuwa na subira hiyo katika chuma, na sisi watoto wake tunaomfahamu tunakiri kwamba nje ya chuma alikuwa nayo mara chache, maana ni mtu aliyewahi kushuka kwenye basi katikati ya pori kwa sababu dereva alikuwa anaingiza gia vibaya.

Alifanya kazi misheni tangu mwaka 1955, na tarehe 1 Julai 1967 akahamia katika karakana moja ya umma hapa Songea mjini, akakuta kwenye kona mashine ya namna hiyo, kongwe kuliko yeye mwenyewe, iliyosemekana kufika nchini kabla ya vita ya pili ya dunia, maandishi ya kibao chake yameshafutika kwa kushikwa na mikono ya watu, na meza yake ilikuwa na mwendo wa inchi thelathini, kumi na tano kulia na kumi na tano kushoto, kila inchi mizunguko minne ya gurudumu. Alikaa nayo miaka ishirini na mitano, akichonga njia za kabari, yaani mifereji ya kushikizia gia isiteleze, kwenye shafti za matrekta na meno ya gia ambazo hazikuwa zikiagizwa tena kutoka popote, na wenzake wanasema alikuwa akiiangalia meza ile inavyokwenda kama mtu anayeangalia mto, hata akisalimiwa anaitikia baadaye sana, mwenye salamu akiwa ameshaondoka.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu Jumamosi ya tarehe 20 Juni 1959 na mama yetu, Fausta, fundi cherehani, na Mungu akawajalia watoto wanne, mimi Agape, Marcelino, Ramson na Imaculata, na wajukuu kumi na mmoja. Mama yupo hapa, mnamwona, amekaa kwenye kiti kwa sababu ya mguu wake, na yeye ndiye aliyeniagiza kwamba nisiiruke sehemu inayofuata, ingawa baadhi ya wazee wa ukoo walishauri iachwe.

Tarehe 30 Novemba 1992, katika miaka ile ya ruksa ambapo vitu vingi vya umma vilikuwa vikifungwa au kubadilisha wenyewe, karakana ile nayo ilifungwa, na kila mtumishi wa siku nyingi akaruhusiwa kuchagua kitu kimoja katika vilivyobaki. Nyumba yetu ya Matarawe ilikuwa inavuja, tena juu ya kitanda cha mama, na mama alikuwa amemwambia asubuhi ile, kwa kumbembeleza, kwamba stoo ya karakana ina mabati mapya, achukue mabati. Baba aliitikia vizuri tu, akaenda, akachagua mashine.

Ililetwa nyumbani kwa siku mbili, ikiviringishwa juu ya magogo ya mikaratusi, mvua ikinyesha, vijana wa mtaa wakiimba, na jirani yetu Mzee Daimu, fundi mwashi aliyetoka Nakapanya, akapewa kazi ya kujenga chumba cha kuiweka, kikipakana na chumba cha kulala. Vipimo alivitoa baba mwenyewe. Mtu huyu aliyeweza kupima unene wa unywele alipima mashine ikiwa imetulia, meza ikiwa katikati, akaacha nafasi ya inchi moja na nusu kila upande, akasahau kwamba meza husafiri, kwa kuwa kule karakana kwa miaka ishirini na mitano hapakuwahi kuwa na ukuta karibu. Chumba kilipokwisha, tarehe 6 Februari 1993, alishika gurudumu mbele ya majirani waliokuja kushuhudia, akazungusha kushoto, meza ikatokeza mlangoni vizuri, akairudisha katikati, akazungusha kulia, na katika mzunguko wa sita meza ikagota ukutani. Mzee Daimu yupo hapa, na anasema mpaka leo hajawahi kuona mtu mzima akikaa chini polepole namna ile.

Badala ya kuihamisha mashine, maana nani angeihamisha, baba alichukua nyundo na tindo siku ileile akatoboa ukuta, tundu la kutosha meza ipite, na ukuta ule ulikuwa ndio wa chumba cha kulala. Mama alipoingia akakuta juu ya mto wake kuna vumbi la matofali na mbele ya uso wake pana chuma, hakupiga kelele, alitundika kitenge kwenye tundu lile, akakunja shuka za baba akaziweka mlangoni kwa mashine, na tangu siku ile hakumsemesha kwa miezi minane. Ujumbe ulipitia kwa mdogo wetu Imaculata, kwamba mwambie baba yako ugali uko tayari, na mwambie mama yako nimeshiba, huku wote wawili wakiwa wamekaa mkeka mmoja.

Mimi nilikuja likizo ya mwezi Juni mwaka ule, nikalala chumbani na mama, na kile nilichokiona asubuhi bado sijui nikiite nini. Baridi ya Songea mnaijua, ukungu umeingia mpaka ndani, mwanga ni wa kijivu, na upande wa pili wa ukuta sauti ya gurudumu inaanza, kidogo, kama mtu anayekoroga uji kwenye chungu kikubwa, kisha kitenge kinavimba, kinanyanyuka, na ncha ya meza inaingia chumbani, nyeusi, inang'aa kwa mafuta, inakuja bila haraka yoyote hadi inchi nane, inasimama, inakaa kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, halafu inarudi ilikotoka na kitenge kinalala mahali pake. Mama alikuwa amejifunika gubigubi, ameelekea ukutani, hatikisiki, nami nikaona haya, nikafumba macho.

Tarehe 5 Oktoba 1993 gia ndogo ya cherehani ya mama ilivunjika meno mawili, na meza ilipoingia asubuhi ile aliiweka ile gia juu yake, meza ikarudi nayo. Baada ya siku mbili ikaingia tena, imebeba gia mpya, na mama akaifunga, akaijaribu kwa kitambaa cha jinzi, kisha akasogeza kitenge akauliza kupitia tundu kama itahimili kushona turubai. Baba akajibu kwamba itahimili. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya kwanza, shuka za baba zikarudi kitandani, mabati yakapatikana mwaka uliofuata kwa kazi za mashine za kusaga na kukoboa za watu binafsi zilizokuwa zikifunguliwa kila mtaa, na mama alipovunjika mguu mwaka 1996 akalala miezi mitano, chai yake ya asubuhi, dawa zake na barua zetu zilipita ukutani juu ya meza. Lakini kuhusu ile miezi minane, baba hakuuliza na mama hakueleza, ikabaki hivyo.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Machi 1998, akatibiwa akipata nafuu na kurudia, na tarehe 2 Novemba akalazwa hospitali ya Peramiho, ambako mimi nilimuuguza, kwani mguu wa mama haukumruhusu kusafiri. Siku za mwisho mkono wake wa kulia ulikuwa unazunguka juu ya blanketi, taratibu, na muuguzi alipomuuliza anafanya nini alisema anapeleka chai. Jumatano ya tarehe 11, mchana, akiwa na akili zake timamu, aliniita karibu akaniuliza swali moja, kama katika ile miezi minane mama yangu alikuwa amemkasirikia tu, au alikuwa amemchoka. Alisema amekaa nalo miaka mitano na aliogopa kumuuliza mwenyewe. Ningeweza kumjibu palepale kwa kumfurahisha, lakini baba alikuwa mtu wa vipimo na asingepokea kipimo cha kukisia, kwa hiyo nilimwambia ninakwenda Songea kuuliza, akasema niende, yeye ananisubiri.

Niliondoka alfajiri ya Alhamisi tarehe 12 Novemba 1998, nikafika nyumbani, nikamuuliza mama, mama akanijibu, nikarudi njiani kusubiri basi dogo lijae abiria, na nilipofika wodini saa tano nikaambiwa baba amefariki saa nne kamili. Jibu nilikuwa nalo mkononi, na sikuwa na wa kumpa. Nimelia kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na masista wa Peramiho kwa huduma na upole wao, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani wakiongozwa na Mzee Hironimus, ambao wamechonga wenyewe vishikio vya jeneza hili juu ya mashine yake, jumuiya ndogondogo yetu, walimu wenzangu wa Mbesa, na majirani wa Matarawe wa dini zote, hasa Mzee Daimu na mkewe Bi Shakila, waliopika na kulala nasi nje kwenye baridi. Ambao sikuwataja, msinihesabie, ni uchovu.

Sasa baba, hili ni lako, na mama ameomba nilisome kwa sauti na watu wasikie. Amesema katika ile miezi minane hakuna asubuhi hata moja aliyolala, aliamka kabla yako, akajifunika, akahesabu mizunguko mpaka meza ikatokea. Na ile siku uliyopatwa na malaria, meza isije, alivaa kandambili zako akatoka nje, akaizunguka nyumba mara tatu hadi aliposikia unakohoa, ndipo akarudi kitandani. Amesema alikuwa amekasirika tu, Baba Agape. Kukuchoka, hajawahi.

Umejibiwa, baba. Pumzika kwa amani.