Malachy Tuohy wa Kona ya Chini

Mmepotea wapi ninyi? Tangu mhamie Dublin na Galway, habari za Kilcorran mnazisikia redioni tu, kama vile sisi tulishazikwa. Haya, kaeni chini msome. Malachy Tuohy, aliyetunza nyasi za uwanja wetu wa mbio za farasi kwa miaka arobaini na mmoja, anastaafu Jumapili hii, tarehe kumi na tisa Julai, mara tu mbio za mitamba, farasi jike wachanga, zitakapokwisha.

Alikuja kijana mwembamba, amevaa koti la marehemu baba yake. Mbio zenyewe zilikuwa ndogo wakati huo. Zilianzishwa na mjane mmoja wa hapa, aliyechoka kuambiwa kwamba farasi jike ni wa kuzaa tu. Akatoa birika lake la fedha liwe zawadi, na mpaka leo mshindi hukabidhiwa birika hilo hilo, na ubavu wake uliobonyea. Wakaanza kuja mitamba wa Uingereza, kisha wa Ufaransa, hadi mbio zikapandishwa daraja la kwanza. Wakubwa wakapongezana kwa shampeni. Malachy alikuwa nje, anakata nyasi.

Mkali alikuwa. Bwana harusi mmoja aliomba apige picha uwanjani na mkewe, dakika moja tu.

“Dakika nakupa,” Malachy akamwambia, “lakini viatu hivyo vya bibi harusi, vyenye visigino virefu, virudi kanisani.”

Picha ipo, bibi harusi yuko pekupeku, anacheka. Na sisi wa jikoni pale uwanjani, kila baada ya mbio alitushusha turudishe kwa miguu mabonge ya nyasi yaliyong’olewa na kwato.

“Kisigino, Concepta! Humbembelezi mtoto!”

“Nishikie sufuria kwanza, ndipo unifundishe miguu!” nikamjibu.

Kisha ukaja mwaka wa Réaltín, mtamba wa kijivu, mzaliwa wa hapa hapa, aliyelelewa na Dervla Scully kama mwanawe. Kiangazi kilikuwa kikavu na ardhi imekuwa ngumu kama sakafu, kwa hiyo Ijumaa Malachy akaimwagilia maji kona ya chini, kama mtu yeyote wa nyasi angefanya. Jumamosi ikashuka mvua ambayo hakuna aliyeitabiri. Jumapili Réaltín aliingia konani akiwa mbele ya wote, akateleza. Hakuinuka tena.

Dervla alimfuata Malachy, hatamu tupu mkononi.

“Mzee, mvua hukuileta wewe.”

“Maji ya Ijumaa niliyaleta mimi, binti.”

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomkaa kooni. Dervla akaondoka wiki ile ile, hajarudi. Malachy alibaki. Lakini tangu siku hiyo, mitamba wakikimbia, yeye husimama kona ya chini na uma wake wa kuchimbia, amezipa mbio mgongo. Anasikiliza kwato tu. Mimi humpelekea chai, na wakishapita haniulizi nani anaongoza. Huniuliza jambo moja.

“Wamepita wote?”

“Wote, Malachy.”

Ndipo anakunywa chai yake, imeshapoa. Ninyi mnaijua historia ya mbio hizi kwa majina ya washindi. Yeye anaijua kwa jibu hilo, na washindi wote hao hajamwona hata mmoja akipita.

Malachy, asante kwa nyasi, kwa ukali wako, na kwa kubaki pale ambapo wengi wangekimbia. Ustaafu kwa raha, ndugu yangu, miguu yako ipate joto, na mvua inyeshe sasa bila kukuomba ruhusa. Jikoni kwangu kiti chako ni kile karibu na jiko. Usingoje kualikwa.

Nanyi mlioko mbali, njooni Jumapili. Na wewe, Dervla, wewe hasa: usinunue tiketi ya jukwaani, na usije kwangu kwanza kulia. Teremka moja kwa moja hadi kona ya chini, usimame ubavuni mwake. Mwaka huu chai utampelekea wewe. Mitamba wakianza kusikika, mshike bega umgeuze, na wakishapita, mwambie wote wamepita kabla hajauliza.