Mkojo wa Alfajiri

Kwenye Noah ya abiria iendayo Liuli, mama mmoja alishika chupa ya mkojo kwa mikono miwili. Nikasogea dirishani. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekaa kati hakuwa na dirisha.

“Shikamoo mama. Wa nani?” akauliza mwanafunzi.

“Marahaba. Wa mwanangu, mvuvi. Anakojoa damu. Nimemwambia akinge alfajiri, kama tunavyopima mimba.”

“Mayai ya kichocho hutoka zaidi saa sita mchana, mama. Huu unaweza kuonyesha hana.”

“Nimezaa sita, usinifundishe mkojo. Mara mbili wamepima wa alfajiri hivi hivi, hana kichocho.” Akakaza mfuniko uliokwishakazwa. “Ndiyo maana mkewe nimemrudisha kwao Liparamba. Nilisema kamletea ugonjwa wa zinaa.”

Gari likasimama. “Hospitali,” akaita kondakta.

Mama hakuinuka. Aliuliza gari la Liparamba hupita saa ngapi.