Mlango wa Katikati ya Pango: Maneno ya Kumuaga Bi Kadibodi

Ndugu Mkurugenzi Mkuu; Ndugu Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi; wageni waalikwa; wenzetu mlioachishwa kazi hapa miaka iliyopita na mkakubali kurudi leo kwa sababu tu aliyewaita ni yeye; mume wa Bi Kadibodi na mabinti zake wawili; wafanyakazi wenzangu mnaobaki, nanyi kumi na mmoja mnaoondoka pamoja naye: habari za mchana.

Nimepewa dakika tano. Bi Kadibodi mwenyewe amenionya nisizidishe, maana viti mlivyokalia kaviazima yeye na vinatakiwa kurudi saa kumi.

Kwa wageni, niseme kidogo kuhusu kazi yetu. Sisi tunasanifu viwanja vya burudani: treni zinazowapeleka watu mbio hadi wakapiga mayowe, mabwawa yenye mawimbi, mapango ya kuogofya. Mteja akija tunaajiri. Kiwanja kikifunguliwa tunapunguza. Katika miaka sita niliyokaa hapa nimeona upunguzaji mara nne. Na katika ofisi ambayo watu huingia na kutoka namna hiyo, ni nani anayekumbuka kwa nini ukuta fulani ulijengwa ulipojengwa?

Anakumbuka huyu mama. Kwa miaka ishirini na miwili amekaa karakana hii, akikata kadibodi na kubandika, akitengeneza vielelezo vidogo vya kila tulichochora, ili mteja akione kwa macho kabla hakijajengwa. Ndiyo maana mnamwita Bi Kadibodi, na jina lake la kuzaliwa nadhani analijua mhasibu peke yake.

Siku niliyoripoti kazini kama mkuu mpya wa idara nilikuta picha ya watoto wa mtu chini ya kioo cha meza yangu. Nilikuwa naitoa niitupe, nikasikia sauti nyuma yangu: "Kaka, usitupe. Nipe mimi, nitampelekea." Kisha akaniuliza, "Unamjua aliyekuwa anakaa hapo?" Nikasema simjui. "Basi umekalia kiti cha mtu usiyemjua, na utamalizia kazi yake. Siku moja nitakukutanisha naye."

Mwenye picha ile alikuwa msanifu mliyemwita Rula, aliyepunguzwa wiki mbili kabla sijaajiriwa. Mimi, kwa kweli, sikutaka kukutanishwa na yeyote. Nilitaka kufanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa pango lenye treni ndogo inayopita gizani. Mteja alitaka lifupishwe. Nikatazama mchoro, nikaona katikati kuna mlango na chumba kidogo chenye benchi. Kanuni zilidai milango miwili ya dharura, mmoja mwanzoni na mmoja mwishoni, nayo tulikuwa nayo. Huu wa katikati nikauona wa ziada, nikaufuta. Nilijisikia hodari sana siku hiyo.

Bi Kadibodi akakataa kutengeneza kielelezo.

"Mlango uko wapi?" akaniuliza.

"Nimeutoa. Hauna kazi."

"Nani kakwambia hauna kazi?"

"Mama, mimi ndiye mkuu wa idara hii."

"Najua, mwanangu. Na mimi ndiye fundi. Naomba siku moja tu."

Nilikasirika. Nilikwenda kumshtaki kwa Mkurugenzi Mkuu, na Mkurugenzi yupo hapa, atanisahihisha nikisema uongo. Nikamkuta Bi Kadibodi keshatangulia, amesimama mbele ya meza na aproni yake ya gundi, anasema: "Bosi, mtu mliyemwondoa ndiye anayejua. Niruhusuni nimwite."

Ndugu wageni, kwa nini Rula alikuja? Tulikuwa tumemwachisha kazi kwa barua ya mistari minne. Alikuwa sasa anachomelea mageti. Angeweza kukata simu, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuja na ovaroli yake, akaketi sakafuni papa hapa, akatuchorea kwa chaki. Akasema: "Treni ikizimika katikati, mpaka mlango wa mwanzo au wa mwisho ni mita tisini za reli, gizani. Wewe utatembea. Mtoto aliyeingiwa na hofu hatatembea. Mtu mwenye magoti mabovu hatatembea. Kile chumba ni chao."

Niliurudisha mlango kwenye mchoro, mteja akanuna, tukakubaliana naye kufupisha kwingine.

Mwezi wa pili baada ya kufunguliwa, umeme ulikatika asubuhi ya ziara ya shule. Ndani ya pango walikuwemo wanafunzi thelathini na wawili, walimu wawili, na bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake. Wote walitokea mlango wa katikati, kwa dakika sita. Bibi yule alikaa kwenye benchi akapumzika kwanza, kisha akauliza kama wanaweza kurudia, maana hawajafika kwenye popo wa bandia.

Barua ya shukrani kutoka shuleni ilikuja kwa jina langu. Bi Kadibodi aliisoma, akaikunja, akasema, "Hii imekosea anwani." Siku ile ile tulikwenda pamoja kwenye karakana ya mageti, nikamsomea Rula kwa sauti yangu mwenyewe. Alivua miwani ya kuchomelea, akaomba nirudie kuisoma. Mwaka uliofuata tulimrudisha kazini. Yule pale, mstari wa pili, anajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Sasa niseme lililo gumu. Orodha ya wanaopunguzwa safari hii niliiandika mimi. Vielelezo siku hizi vinatolewa na mashine, na jina la Bi Kadibodi limo. Nilishuka hapa kumwambia nikiwa nimekariri maneno, na yote yakanipotea. Aliniangalia, akavuta kigoda. "Kaa. Umekula?" Nilipomaliza kusema macho yake yalilowa, sitawaficha. Kisha akauliza, "Tuko wangapi?" Nikamwambia kumi na wawili. "Basi nipe wiki tatu nilizobakiza nikae na hao wengine, mmoja mmoja, waniambie wanachokijua, niandike."

Ameandika. Madaftari manne yako mezani kwangu, na nimejifunza humo kuliko nilivyojifunza chuoni.

Ndugu Mkurugenzi, nakuomba mbele ya hadhara hii: kama kutakuwa na orodha ya tano, kila jina litakaloandikwa liandikwe na mtu ambaye amekaa na mwenye jina siku nzima na kumsikiliza. Tukishindwa kufanya hivyo, basi hatujui tunamwondoa nani.

Bi Kadibodi, mama yangu kazini, ulinipinga siku moja, na kwa kunipinga uliniepusha na jambo ambalo nisingeweza kulibeba maishani. Sina zawadi inayolingana na hilo. Nina ombi tu: wenzangu tunaobaki, tusimame, kila mmoja amwendee mmoja anayeondoka na kumuuliza, "Unajua nini ambacho mimi sikijui?" Keki itasubiri.

Nawashukuru nyote kwa utulivu wenu na kwa masikio yenu. Asanteni sana.