Bakuli la Kitwe

Benchi la Barnaba mwuza kahawa, pale Tunduma malori yanapopumzikia kabla ya kuvuka kuingia Rodesia, lilikuwa ubao mmoja juu ya madebe, na ubao huo ulikwisha kusikiliza kesi nyingi kuliko baraza la chifu. Asubuhi hiyo, vita vya Hitla vikiwa vimeisha juzijuzi tu, Asajile alishika kikombe bila kunywa. Mwanawe Timotheo, ambaye hajatimiza hata miaka mitatu, alikuwa hajapata choo tangu Jumapili, na leo ni Alhamisi. Tumbo limekaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Haja ikimjia, mtoto hujibana ukutani, akasimama kwa ncha za vidole, akalia bila sauti. Kilio hicho kisicho na sauti ndicho kilichomtoa baba nyumbani.

— Papai mmempa? akauliza Barnaba.

— Papai, uji, maji ya vuguvugu. Vinaingia. Havitoki.

— Bomba limeziba hilo, akasema Nikodemo, utingo wa lori, aliyeitwa Injini kwa kuwa kwake hata mkwe ana gia. Nipe nimpakie nyuma. Tukifika makorongo ya Mbozi kila kitu kitateremka chenyewe, hata meno.

— We Injini, mtoto si gunia la mahindi!

— Na mahindi nayo huteremka.

Mzee Osea akakohoa. Alichimba kwenye mgodi wa Saza zamani, wakamwita Dhahabu, na tangu hapo kila jambo analiona lina madini ndani.

— Baba Timotheo, usikurupuke. Mtu hazuii kitu cha bure. Huyo kameza mali. Mwenzangu mmoja alimeza punje ya dhahabu, akakaza wiki nzima kwa uchungu wa kuachana nayo.

— Dhahabu aipate wapi, mzee? Kwetu hata sindano ni ya kuazima.

— Ndiyo maana anaing'ang'ania!

Benchi zima likaangua kicheko. Asajile alitaka kucheka, midomo ikakataa.

— Ananishika suruali hapa, jamani. Ananitazama kama mimi ndiye niliyemfunga.

Injini akamega kiazi chake, akampa.

— Na lile bakuli lako je? akauliza Barnaba taratibu.

Lile bakuli Asajile alilibeba mwenyewe kutoka Kitwe, kwenye migodi ya shaba: jeupe, la enameli, lenye maua, lililoundwa kwa ajili ya makalio ya watoto wa Kizungu. Alipofika nalo alitangaza kwamba mwanawe hatajisaidia tena kienyeji.

— Jumapili alilikalia, na baridi ile ya alfajiri. Kitu kikadondoka, kikagonga ngaa! kama kengele ya kanisa. Mtoto akaruka, akakimbilia uvunguni. Tangu hapo akiliona anatetemeka.

— Linajua Kiingereza tu hilo, akaamua Barnaba. Mfundishe mtoto kuliomba ruhusa.

— Livalishe blanketi! akadakia Injini.

— Lipelekwe kwa mchungaji, akakata shauri Dhahabu, liwekewe mikono!

Mwishoni mwa benchi alikaa Aida, mama mgeni kutoka Ileje, akingoja lori huku ananyonyesha.

— Samahanini, baba zangu. Kabla ya bakuli, mtoto alikuwa anakalia nini?

— Miguu ya mama yake, akajibu Asajile, kama watoto wote. Mama anakaa chini, ananyoosha miguu, mtoto anaikalia, wanatazamana.

— Sasa hiyo miguu ilikuwa na kosa gani?

Injini akatazama matairi. Dhahabu akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Barnaba akafuta kikombe kilichokuwa safi.

Asajile akaondoka bila kuaga. Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa ameenda kisimani. Akakunja suruali, akakaa chini uani, akanyoosha miguu yake mwenyewe. Jirani yao Loisi, mwenye kuni kichwani, akasimama.

— Baba Timotheo, umeanguka?

— Nimekaa, shemeji. Pita.

Timotheo akatoka ukutani polepole. Akaitazama ile miguu, akamtazama mwenye miguu, akapanda.

— Inauma, baba.

— Najua. Nishike. Hapa hakuna kinacholia.

Mtoto akakunja uso, machozi yakamtoka, kucha zikazama kwenye magoti ya babake. Kisha Asajile akahisi joto likimteremka kifundoni. Akataka kupiga ukelele wasikie mpaka ng'ambo ya mpaka, akajiuma mdomo asije akamtisha.

— Tayari, mwanangu?

— Bado, akasema Timotheo. Usitikisike.