Gozbert Kaijage, Mwalimu wa Kuzimua Seramu

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Gozbert Kaijage, aliyezaliwa Kanyigo, mkoani Kagera, tarehe 14 Machi 1961, akasoma huko hadi kidato cha nne mwaka 1979, kisha akaja Dar es Salaam kusomea maabara, na mwaka 1984 akaajiriwa katika hospitali moja ya Temeke, alikokaa hadi kustaafu mwaka 2021.

Kazi yake ilikuwa kupima jinsi kingamwili zilizomo kwenye seramu, yaani yale majimaji ya damu, zinavyokamata vijidudu na kugandana navyo, na kila mwanafunzi wake alikaririshwa jambo moja, kwamba kingamwili zikizidi mno hazigandi, kipimo kinadanganya kuwa mgonjwa ni mzima, kwa hiyo seramu lazima izimuliwe kwa maji ya chumvi, mrija baada ya mrija, na asiye na subira akauze mitumba.

Alifunga ndoa na Adelina tarehe 5 Novemba 1988, wakajaliwa Benedicta na Venance, wakajenga Kibamba, wakafuga ng'ombe, na marehemu, pamoja na elimu yake yote, akawa anakunywa maziwa bila kuchemsha, na Adelina alipogomba aliambiwa awaachie wataalamu.

Homa ilimwanza Septemba 2023, jasho na maumivu ya kiuno, akaenda kwenye maabara binafsi huko Kinondoni, yenye viyoyozi na televisheni ukutani, inayoongozwa na Brightson, mwanafunzi wake mwenyewe, ambaye alipima mrija mmoja tu, seramu nzito vilevile ilivyotoka, akaja anatabasamu, "Shikamoo mwalimu, uko safi kabisa, ni uzee tu," na mwalimu, ambaye hakuwahi kumwamini mtu, siku hiyo aliamini, kwa kuwa ni yeye aliyemfundisha. Adelina hana jina jingine la kuiita kazi ile ila uvivu, uvivu uliovaa koti jeupe.

Februari 2024 alipelekwa Temeke akiwa hajiwezi, seramu ikazimuliwa, ikaganda mrija hadi mrija, lakini brusela, homa ile ya maziwa yasiyochemshwa, ilikuwa imeshamharibu moyo, akafariki tarehe 9 Juni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Temeke, majirani wa Kibamba na wafanyakazi wenzake wa zamani, na imemwona pia Brightson, aliyekuja na suti mpya na shada kubwa kuliko yote. Ataitwa wa mwisho kuliweka, na Adelina anamwomba kitu kimoja, kwamba leo asiwe na haraka.

Pumzika kwa amani, Mwalimu.